Base ya Onorable

Vahwere Solange aliingia katika siasa kwa sababu ya mvua na viti vitupu.

Hapa Bigo, mtaa wetu wa Bunia, tunamfahamu tangu alipofika kutoka Butembo na mume wake Liévin, wakapanga chumba nyuma ya duka la dawa la Anaclet, na baadaye wakapata parseli yao wenyewe, kiwanja chenye nyumba na uzio. Liévin ni dereva wa malori ya mbao. Siku nyingi yuko Mambasa, au amekwama kwenye matope mahali fulani akielekea Mambasa. Solange aliachwa na parseli pana isiyo na kazi, akaanza kukodisha viti vya plastiki. Mwanzoni vilikuwa vichache, vya rangi mchanganyiko, kisha vikawa vingi na vyote vya bluu, na turubai juu yake, na masufuria yale makubwa ya kupikia watu wa ndoa. Mwenye ndoa alikwenda kwake, mwenye matanga alikwenda kwake. Alikuwa na tabia moja ambayo wateja waliizoea: alivifuata viti vyake mpaka kwenye shughuli yenyewe na kukaa pembeni hadi mwisho, maana kiti akikiacha peke yake hurudi na miguu mitatu.

Wakati wa kampeni zilizopita, Adrien alimfuata. Adrien ni mtu mwembamba mwenye simu tatu, na alikuwa akimfanyia kazi Sébastien, mgombea wa ubunge kutoka teritware, yaani wilaya, ya Djugu. Alieleza kwamba bosi wake angetaka kufanya mkutano kule kwao Djugu, lakini barabara haikuwa nzuri siku hizo. Kwetu mtu akisema barabara si nzuri, hazungumzii mashimo, anazungumzia wenye bunduki. Kwa hiyo mkutano wa watu wa Djugu ungefanyika Bunia, katika uwanja mmoja karibu na Bigo, na viti vilihitajika vingi.

Viti vikapangwa. Saa ya mkutano mvua ikanyesha, ile mvua yetu isiyomwomba mtu ruhusa, na wachache waliokuwa wamekuja wakakimbilia chini ya mabaraza ya maduka. Ilipokatika, mgombea alikuwa amefika na mpiga picha wake, na mbele yao kulikuwa na bahari ya plastiki ya bluu inayotiririka maji. Adrien alizunguka akiomba kila aliyepita akae. Muuza mkaa akakaa. Mafundi wawili wa baiskeli wakakaa. Anaclet alifunga duka lake la dawa akaja, kwa kuwa aliambiwa kutakuwa na wali. Na Solange, aliyekuwa akifuta viti kwa kitambaa, akaombwa aache kufuta na akae safu ya mbele. Alikuwa mnene, amevaa kitenge chake cha kanisani, na alikaa wima kama mama mwenye ukoo mkubwa nyuma yake. Mpiga picha alimpenda.

Kesho yake picha ilizunguka kwenye simu za watu wote, na redio ikasema kwamba mgombea Sébastien alikutana na base yake ya Djugu katika hali ya furaha kubwa. Solange alicheka. Alisema yeye Djugu aliipita mara moja tu, ndani ya lori la Liévin, akiwa amelala.

Sasa, hilo neno base lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililomletea mambo yote. Ni neno la Kifaransa, sisi tunalitamka bazi, na maana yake ni chini, pale nyumba inapokalia. Wanasiasa wetu wamelichukua kuwa ndio jina la watu waliowapigia kura. Mbunge, ambaye sisi tunamwita Onorable, akitoka Kinshasa hasemi anakwenda kwao. Anasema anashuka ku base. Akirudi Kinshasa, anapanda. Akipewa cheo, base imefurahi. Akinyimwa, base imechukizwa sana na haitavumilia. Base ina njaa, ina imani, ina machungu, na ina maoni juu ya mambo ya Kinshasa ambayo hata watu wa Kinshasa hawajayasikia. Kuiona ni vigumu kidogo, lakini Onorable huisikia popote alipo.

Sébastien akashinda. Akawa Onorable, akapanda Kinshasa. Kila likizo ya bunge aliposhuka, Adrien alikuja kwa Solange kukodi viti, na kila mara alisisitiza kwamba Solange mwenyewe asikose kwenye safu ya mbele. Mikutano mikubwa ya siasa inahitaji ruhusa, jimbo likiwa mikononi mwa wanajeshi, kwa hiyo Onorable alipendelea mikutano midogo ndani ya parseli za watu. Mwishowe Adrien aliona hakuna haja ya kubeba viti. Mkutano ukafanyika palepale kwa Solange. Base ikawa na anwani.

Watu walewale wa Bigo walikaa: muuza mkaa, mafundi wa baiskeli, wake zao, na Anaclet, ambaye alipata kazi ya kusimama mwisho na kutoa neno la shukrani kwa niaba ya Djugu nzima. Anaclet ni mzaliwa wa hapahapa mjini, baba yake alikuwa na ng'ombe upande wa pili kabisa, mbali na Djugu, lakini ana sauti nzuri. Baada ya shukrani waligawa wali na nyama na chupa za sukré, yaani soda. Siye majirani tulianza kumwita Solange Mama Base, na yeye aliitika, kwa sababu jina halimpunguzii mtu kitu na viti vilikuwa vinafanya kazi.

Aliyekuwa akiosha masufuria baada ya mikutano hiyo ni mwanamke anayeitwa Brigitte. Alitoka Bule, kule juu Djugu kwenye baridi, ambako alikuwa na shamba la viazi na meza sokoni. Bunduki zilipolia tena baada ya uchaguzi alikimbia na watoto wake, na tangu hapo alikuwa akiishi katika site ya wakimbizi pembeni ya mji, pamoja na wale ambao tunawaita badeplase. Alikuja Bigo kutafuta vibarua. Solange alimpenda kwa sababu alikuwa na maneno machache na sufuria alizoosha ziling'aa.

Siku moja, baada ya Onorable kuondoka, wote wawili wakiwa wamechutama kwenye beseni, Brigitte aliuliza yule mtu aliyekuwa anaongea ni nani. Solange akamwambia ni Onorable Sébastien, mbunge wa Djugu, amekuja kuona base yake.

Brigitte aliendelea kusugua kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilimupigia kura, ule."

"Weye?"

"Siye wote ba Bule. Alisemaka ataleta amani."

Solange akamuuliza kwa nini basi hakuja kukaa mbele na wengine. Brigitte akajibu kwamba alitaka kusogea asikilize, lakini yule bwana wa simu tatu alimwambia arudi kwenye masufuria, kwa sababu nguo zake zingeharibu picha. Alieleza hivyo bila hasira, kama mtu anayesimulia bei ya chumvi. Ni Solange aliyeacha kuosha.

Labda mambo yangebaki hapo. Lakini miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, redio ilitangaza kwamba Onorable Sébastien amekihama chama kilichompeleka bungeni, amejiunga na muungano wa wenye madaraka. Waandishi wa Kinshasa walimuuliza sababu, na sauti yake ikasikika wazi kabisa hapa Bigo, ikisema kwa unyenyekevu kwamba yeye binafsi hakutaka, ila base yake ilimshukia na kumwomba, na yeye si mtu wa kuivunjia base heshima.

Saa hiyo Solange alikuwa kwenye bomba la maji. Wanawake wote waligeuka kumtazama.

Walimuuliza alimwomba Onorable lini. Aliapa hakumwomba. Wakasema basi ni nani, maana base ni wewe. Muuza mkaa, ambaye alikuwa na kadi halisi ya chama cha kwanza na ana fulana yake mpaka leo, alikuja parseli na uso wa mtu aliyefiwa, akauliza kwa nini base ilifanya uamuzi mzito namna hiyo bila kumwita, na yeye alikuwa amekaa safu ya pili kila mkutano. Jioni Liévin alipiga simu kutoka Mambasa. Hata kule msituni walikuwa wamesikiliza redio, na madereva wenzake walikuwa wakimpongeza kwamba mke wake amehamisha mbunge.

"Ungeniambia kwanza," alisema Liévin. "Mimi niko bwana yako. Nasikia mambo yako ku redio kama mutu ya kando."

Solange alimwambia aache mzaha. Lakini tunavyomfahamu, hakulala vizuri. Kuitwa Mama Base kulikuwa ni mchezo. Kuambiwa umesema neno ambalo hukulisema, na mji mzima ukaamini, kulimuuma mahali ambapo yeye mwenyewe hakujua pana uhai. Alimwambia jirani yake kwamba ni kama mtu amevaa kitenge chako akaenda nacho ugoni.

Likizo ya bunge ikafika. Adrien akaja, simu zikiwa tatu kama kawaida, akatangaza kwamba Onorable anashuka ku base kueleza uamuzi wake. Solange hakugombana naye. Aliuliza tu base gani inatakiwa. Adrien akajibu ni ileile. Solange akasema sawa, ataipanga yeye mwenyewe, Adrien alete wali.

Siku mbili kabla ya mkutano alichukua moto, yaani pikipiki ya kukodi, akaenda site, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu Brigitte. Alituambia baadaye kwamba alikuwa amefikiri ni mbali, kwa namna watu wanavyoizungumzia. Hakumaliza hata kuzungumza na dereva wa moto kabla ya kufika. Brigitte alimpokea mbele ya kibanda chake cha turubai, akamwazimia mkeka kwa jirani, akamtafutia chai. Solange akamweleza alichokuja kutaka. Brigitte alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nguo si taabu. Solange akamwambia nguo zitakuwa zilezile, zifuliwe tu.

Siku ya mkutano wanawake wa Bule walifika mapema, kundi kubwa, na wazee wachache wa kiume nyuma yao. Walikuwa wamefua, wengine nguo bado zina unyevu. Solange aliwakalisha mwenyewe, safu ya mbele mpaka ya nyuma, na Brigitte akamweka kwenye kiti cha mbele ambacho yeye Solange alizoea kukikalia. Base ya zamani ilipofika ilikuta viti vimejaa. Ilibaki nje ya uzio, imenuna, ikivuta harufu ya nyama. Anaclet alikuwa amevaa tai. Alishika karatasi yake ya shukrani akaingia na kutoka mara kadhaa, asijue asimame wapi.

Adrien aliona nguo. Alimvuta Solange kando na kumuuliza hawa ni nani. Solange akajibu ni watu wa Djugu, alifikiri Onorable atafurahi kuwaona. Hakukuwa na muda wa kubishana, kwa sababu gari lilikuwa tayari linapiga honi langoni.

Onorable Sébastien ni mtu wa kupendeza, lazima tuseme ukweli. Anashika mkono wa kila mtu kwa mikono yake miwili. Alishika mikono ya safu ya mbele, akauliza habari za watoto, akapanda kwenye hatua ya nyumba ya Solange na kuongea. Alisema Kinshasa ni mbali lakini moyo wake uko hapa. Alisema yeye si kitu bila base. Alisema wengine wanamlaumu kwa kuhama, lakini mtoto hamkatalii mama yake, na base ni mama. Wanawake wa Bule walimsikiliza kwa utulivu mkubwa, namna watu wanavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni. Alipomaliza akauliza kama base ina neno, na kumtafuta Anaclet kwa macho.

Brigitte akasimama.

Alisalimia kwanza, kwa heshima zote, akamshukuru Mungu kwa kumleta Onorable salama. Kisha akasema, "Onorable, naomba kuuliza kitu moja. Ile siku base ilikuomba uhame chama, ilikukuta wapi?"

Onorable alitabasamu, akamuuliza mama anatoka wapi.

"Bule."

"Nafurahi sana kuona mutu ya Bule hapa," alisema Onorable. "Ulifika lini?"

"Siye wote benye kukaa hapa tuko ba Bule," alisema Brigitte. "Tulikimbia. Tunaishi hapa karibu, kwenye site. Kama unatafuta siye, dereva ya moto yeyote anajua njia. Tuliomba jambo moja tu, turudi nyumbani. Mambo ya chama hatukujua."

Hakupaza sauti. Alikaa chini na kunyoosha kitenge magotini. Wanawake wengine hawakupiga makofi wala hawakupiga kelele. Waliendelea kumtazama Onorable, wakisubiri jibu, kwa sababu walikuwa wageni katika mikutano ya namna hiyo na walidhani ulizo lina jibu.

Onorable alifuta uso. Alisema jambo hili ni zito, limemgusa, na atalifikisha mahali panapohusika. Alisema hii ndiyo sauti ya kweli ya base, na yeye ni mtu wa kusikiliza. Ndipo mtu wake mmoja akaanza kupiga makofi, Anaclet akaona mwanya, akasoma shukrani zake zote mpaka mwisho kwa sauti yake nzuri. Mpiga picha akapiga picha. Wali ukagawiwa. Lazima niseme wanawake wa Bule walikula vizuri, na walichobakiza walifunga wakawapelekea watoto.

Adrien alibaki nyuma. Alikuwa na huzuni zaidi ya hasira.

"Mama Solange," alisema, "base haiulizake. Base inashukuru."

"Basi hawa ni nini?"

Adrien alifikiri. Ni mtu mwenye shule, na nadhani alitafuta neno kwa dhati. Mwishowe akasema hawa ni wananchi, na hilo ni jambo lingine, lina ofisi yake.

Jioni redio ilisema kwamba base ya Djugu, ikiongozwa na wanawake, ilimpokea Onorable kwa shangwe na kuunga mkono uamuzi wake. Solange alikwenda site asubuhi iliyofuata kuwaeleza, akakuta wamekwisha kusikia. Walikuwa wamekaa nje wakibishana. Wengine walisema waache, wamekula wali, mambo yameisha. Brigitte alisema wali aliula kweli, lakini maneno yale ya redio hakuyasema. Wakaamua kwenda redioni wenyewe.

Kwenye redio walipokewa na mtangazaji kijana anayeitwa Ornella, aliyewauliza wao ni shirika gani. Wakasema si shirika. Ni chama? Hapana. Ni jamii ya kiraia? Hawakujua maana yake. Ornella akaweka kalamu chini, akasema lazima aandike kitu, hawezi kuwatangaza hivihivi. Brigitte akamwambia aandike base. Ndivyo ilivyotangazwa: base ya Djugu inasema haikumwomba Onorable ahame, ilimwomba asaidie watu warudi makwao, na bado inamsubiri.

Onorable alikuwa bado mjini. Alijibu siku hiyohiyo kwa simu, kwa sauti ya mzazi aliyeumizwa. Alisema anaiheshimu base, lakini kuna sehemu ndogo ya base iliyopotoshwa na watu wasioitakia Djugu mema, na anamfahamu anayewapotosha, mfanyabiashara mmoja mgeni wa Bigo. Kwa hiyo Solange, aliyekuwa Djugu halisi kwa mikutano yote ile, siku hiyo aligeuka kuwa mtu wa Butembo. Liévin akapiga simu tena. Alisema sasa madereva wenzake wanamwogopa, na akauliza kama atafute kazi upande mwingine. Kisha akaacha utani, akasema ikiwa mtu yeyote atakuja langoni kwa ubaya, yeye atateremka na lori kutoka Mambasa, mbao na kila kitu.

Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Aliyekuja ni mwanasiasa mwingine, Étienne, aliyeshindwa uchaguzi na Sébastien na anayetaka kiti hicho mara ijayo. Alikuja na tabasamu na gunia la mchele, akamsifu Solange kwa ujasiri, na kuomba kukodi viti vyote vya bluu pamoja na base. Solange hakuelewa. Étienne akafafanua kwamba amesikia Mama Solange ana base yake, tena nzuri, ya kweli, ya Bule kabisa, na yeye angeihitaji kwa Jumamosi.

Alidhani wanawake wale walikuja na viti, kama turubai.

Solange alipowapelekea habari hiyo, Brigitte alicheka mpaka akashika ubavu. Sisi hatukuwahi kumwona akicheka hivyo. Walijadiliana na kukubali kwenda. Jumamosi walikaa, walimsikiliza Étienne akieleza jinsi base ilivyosalitiwa na namna yeye atakavyoitetea base, na alipouliza kama kuna neno, Brigitte alisimama, akasalimia, akamuuliza atawafikisha Bule namna gani, na lini, na kama ameshawahi kufika kwenye site. Étienne naye akafuta uso.

Baada ya hapo biashara ya siasa ilimpungua Solange. Wanasiasa wa mjini walianza kukodi viti upande mwingine, na tunaambiwa wanauliza kwanza kama viti vinakuja vitupu. Onorable Sébastien anashuka mpaka leo, kwenye parseli ya mtu mwingine, na base yake iko salama: muuza mkaa alimsamehe, mafundi wa baiskeli wapo, Anaclet anatoa shukrani. Solange alibaki na ndoa na matanga, ambayo hayakosekani Bunia. Alipoulizwa kama anajuta alisema wali wa wanasiasa ulikuwa unaungua chini kila mara, na masufuria yake yalikuwa yanateseka.

Mwaka huu kulikuwa na miezi ya utulivu upande wa juu. Hakuna Onorable aliyetangaza kitu. Habari zililetwa na madereva, kwamba soko la Bule limeanza tena, dogo, na wanajeshi wako barabarani, na baadhi ya watu wamepanda huko, wakalala na kuamka salama. Brigitte alitangulia peke yake kuangalia, akarudi kuwachukua watoto. Hakuagana na mtu kwa sherehe. Alimwoshea Solange masufuria ya ndoa moja ya mwisho, akapokea haki yake, akapanda lori la bidhaa.

Solange alivumilia wiki kadhaa, kisha siku moja ya soko akapanda lori hilohilo akamfuata. Safari hii hakulala. Alituambia juu ya nyumba zisizo na mabati, na mashamba yaliyoota majani kimo cha mtu, na baadaye, ghafla, matuta mapya ya viazi, meusi, yamenyooka. Bule ilikuwa baridi mpaka alijuta kuacha sweta. Nyumba ya Brigitte ilikuwa imesimama kuta tu. Juu yake alikuwa ametandika turubai la site, akalikaza kwa mawe.

Alimkuta sokoni, amekaa nyuma ya mafungu ya viazi na kabichi. Wauzaji walikuwa wachache, na kabla ya kuanza kuuza walikuwa wanazungumza kama wafungue soko siku mbili kwa wiki au wabaki na moja. Wengine waliogopa. Mwanamke mmoja alisema njia ya kwao si ya kuaminika siku ya katikati ya wiki. Mwingine alisema viazi vinaoza. Wakabishana, wakanyoosha mikono, wakakubaliana siku moja mpaka mvua ziishe, na yule wa viazi vinavyooza akakubali huku amekasirika. Mmoja wao alimgeukia Solange akamuuliza mgeni ana maoni gani. Solange akasema yeye ni mtu wa Bigo, amekuja kununua viazi.

Brigitte alimjazia gunia, akachagua vile vikubwa kutoka chini ya fungu, akashona mdomo wa gunia kwa kamba. Walikula mahindi ya kuchoma wamesimama, wakaongea habari za watoto na za mume asiyeshuka kutoka Mambasa. Lori lilipopiga honi wanaume wawili walimsaidia kupandisha gunia, na Solange akakaa juu yake, amejifunika kitenge mpaka masikioni, akirudi Bunia na upepo wa baridi mgongoni.